Mashine Inayosahau

Bwambale alinipigia simu asubuhi nikichambua maharage. Aliniambia Serafini amefariki Butembo, Kongo, ini lilimsumbua, ameshazikwa huko huko, na misa ya kumwombea upande wetu wa Uganda itasomwa Bwera kwa kuwa mkewe na watoto walikuwa wamevuka zamani kukimbia vita. Aliyasema yote kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi na yeye hatuitumii tukiwa wawili, kama mtu anayesoma tangazo redioni. Badala ya kulia kwanza, nilijiuliza kwa nini hakusema kwa Kikonzo, lugha yetu ya nyumbani, na anaficha nini. Mimi ni mtu mzima sasa, nina watoto walionipita urefu, na Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata baadaye nilipoishi Mwanza. Lakini tabia ya kumtega Bwambale sikio niliipata katika mwaka mmoja tu, huko Bwera na Kasese, mwaka tuliokuwa tunachagua mashine.

Ukoo wetu nauacha pembeni, nianzie chumbani. Nilipanga chumba nyuma ya saluni, mjini Bwera, ukuta wake mwembamba kiasi kwamba niliwajua wateja wa saluni kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Harufu ya nywele zilizoungua iliingia hata kwenye chakula. Tulikuwa watatu. Bwambale alipiga gitaa, mimi niliimba, na Serafini alipiga ngoma. Serafini alikuwa mtu wa Butembo, mkubwa wetu kwa umri, anayevuka mpaka na mizigo ya vitenge siku za soko na kubaki kwangu mchana kufanya mazoezi. Huku kwetu naitwa Biira, lakini yeye aliniita Kavira, kwa kuwa ndivyo wanavyoliita jina lile lile ng'ambo ya mto wa mpaka, na sikuwahi kumsahihisha. Seti kubwa ya ngoma tuliyokuwa tunaazima parokiani ilichukuliwa na kwaya mpya, akabaki na ngoma moja ndogo, toazi lililopasuka ukingoni na debe la mafuta ya kupikia. Kwa vitu hivyo alitufanya tusikike kama bendi, ila mikono yake ilikuwa miwili tu, na kwenye harusi watu walitaka kishindo.

Ndipo Bwambale akarudi kutoka Kampala na habari ya lupu. Tulikuwa tunakula bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, sahani moja katikati, naye akawa anaongea huku mkono wake umesimama hewani. Alisema amemwona kijana jukwaani peke yake akisikika kama watu watano. Alipiga gitaa kidogo, akakanyaga kidude sakafuni, kile kidude kikairudia sauti ile bila kukoma. Akagonga mbao ya gitaa, akakanyaga, na hiyo nayo ikaingia. Akaimba juu yake. "Mtu mmoja!" Bwambale alisema. "Sisi tuko watatu, tutakuwa kama jeshi." Serafini alimeza tonge lake taratibu, akanawa vidole.

"Bon," alisema. "Ule mutu alikuwa peke yake. Wenzake beko wapi?"

Bwambale alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwona Serafini hajauliza ili tucheke.

Tulichanga tulichonacho tukaanza kwenda Kasese kutafuta. Karibu na stendi kulikuwa na duka la simu ambalo mwenyewe aliuza pia spika, miksa na maikrofoni zilizofungwa kwa mpira wa manjano. Alitutolea pedali moja nyekundu yenye kitufe kimoja. Unakanyaga, inanasa, unakanyaga tena, inarudia, ukikanyaga mara nyingine inapokea sauti mpya juu ya ile ya kwanza, na ukikanyaga mara mbili upesi inafuta yote. Ukiichomoa kwenye umeme, yote uliyoipa yamepotea. "Mpya kabisa," muuzaji alisema, na Serafini akaigeuza, akapitisha ukucha kando ya kitufe, ukatoka na vumbi jekundu lililoshikana na jasho la kiatu cha mtu mwingine. Alimwonyesha tu muuzaji ule ukucha. Halafu ikatolewa ya pili, kubwa, yenye vitufe vitatu na kioo kidogo kinachowaka. Hii ilitenga sauti: unaweza kuzima ngoma ukabakiza gitaa, kisha ukairudisha ngoma wakati wa kiitikio, jambo ambalo ile nyekundu haikuliweza kamwe. Tena ilikuwa na kumbukumbu. Ulichoinasa leo ungekikuta kesho, na mwezi ujao, hata ukiizima na kuivusha mipaka. Bwambale aliishika kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

"Hii ndiyo," alisema. "Serafini anapiga vizuri mara moja, sisi tunakuwa nayo siku zote."

Nadhani hakusikia alichosema. Au alisikia. Mwaka ule wote sikuweza kukata shauri.

Kulikuwa na njia ya tatu, laptopu. Binamu yake Bwambale, aliyefanya kazi ya kuchapa barua Kasese, alikubali kutuazima yake, na fundi mmoja akatuwekea programu ya muziki. Alitaka tumwachie kompyuta na tutoke nje ya kibanda, nami nikakataa kutoka. Nikasimama nyuma ya kiti chake, na bado sikuelewa alichofanya. Programu ilifunguka ikiwa na maandishi mekundu pembeni, na fundi akasema hayo tusiyasome. Tulikwenda kuijaribu chumbani kwa yule binamu. Kilikuwa chumba chenye joto, dirisha lake linatazama ukuta, na mezani pamebaki sufuria ya chai ya maziwa iliyoganda utando. Programu ile ilikuwa na uwezo ambao pedali zote mbili hazikuwa nao. Ungeweza kupanga lupu nyingi kwa rangi, ukazirefusha, ukazipunguza mwendo, ukasafisha makosa. Lakini Serafini alipopiga kofi mbele ya maikrofoni, kofi lake lilitoka kwenye spika likiwa limechelewa, kidogo tu, kama mtu anayekujibu baada ya kufikiri uongo wa kukuambia. Alipiga tena. Likachelewa tena.

"Hii mashine inafikiri mbele ya kusema," Serafini alisema. "Mie sipendi mutu wa namna ile."

Bwambale alieleza kwamba inahitaji kadi ya sauti ya nje, kwamba ile ya ndani ya kompyuta ni dhaifu, kwamba kuna sehemu kwenye programu ya kupunguza kuchelewa. Akapunguza, na sauti ikaanza kukwaruza. Akaongeza, ikachelewa. Mwishowe akamvisha Serafini spika za masikioni zinazogonga tik, tik, akamwomba apige akifuata ule mlio, ili anase tu, tusikilize baadaye. Serafini alipiga mchana mzima. Alipiga mdundo wa harusi, wa kanisani, wa rumba, na ule wa milimani ambao wazee wa Kyondo huutambua kwa mapigo mawili tu. Alipovua zile spika shingo ilikuwa imelowa, akauliza kwa upole, "Sasa vyote viko mule?" Bwambale akasema vimo, kwa majaribio tu. Nikayatazama yale mapande ya rangi kwenye kioo, kila moja na jina la Serafini chini yake, nikahisi kama nimeshuhudia mtu akitolewa damu.

Siku chache baadaye tulikwenda kwenye hoteli moja mjini Kasese ambayo ilitaka muziki kibarazani Jumamosi za mchana. Hiyo ndiyo kazi tuliyoiota: malipo ya uhakika, chakula, na jina letu kwenye ubao wa getini. Tulipiga nyimbo chache bila mashine yoyote, meneja akapiga makofi ya adabu, kisha tukapelekwa nyuma ya jiko kula wali na nyama. Serafini alikuwa ametoka kufunga mizigo yake. Mimi nilikaa kwenye kiti kilichokuwa chini ya dirisha dogo wanalopitishia sahani, na kupitia dirisha hilo nikamsikia meneja, ambaye alidhani wote tumeshatoka.

"Mbona mnakuja watatu?" alimuuliza Bwambale. "Si umesema una kompyuta? Ngoma ziko ndani. Wewe na yule dada mnatosha. Watu wawili wanapendeza, na yule Mkongo mambo yake ya mpaka, leo yupo, kesho hayupo."

Nilisikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe.

"Tutaona," Bwambale alisema.

Tutaona. Nimeligeuza neno hilo kila upande. Ni neno la mtu anayekataa bila kugombana; sisi sote hulitumia hivyo tukitaka kutoka kwa mtu salama. Ni neno pia la mtu aliyekubali ambaye bado hajapata namna ya kuwaambia wenzake. Nilisubiri atuambie mwenyewe tukirudi Bwera. Njiani alizungumza habari za mvua, za nyaya, za rafiki yake anayeuza betri. Hakuligusa. Nikasubiri siku ya soko Serafini alipovuka, na tulipoketi kula, nikalisema mimi, mbele ya wote wawili, maneno ya meneja kama yalivyokuwa na jibu la Bwambale kama lilivyokuwa.

Nilidhani Bwambale ndiye atakayetazamwa. Lakini Serafini alinigeukia mimi kwanza. "Na weye, Kavira, ulisikia tangu Jumamosi, unasema leo?" Halafu Bwambale naye, amekunja uso: "Ulikuwa unanisikiliza dirishani?" Kwa muda tukawa watatu kila mmoja akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na upande wa pili wa ukuta wanawake wa saluni wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Nilisema tutaona kwa sababu nilikuwa nimeshika sahani yake," Bwambale alisema. "Ungetaka nimtukane huku natafuna nyama yake?"

"Basi mbona hukutuambia?"

"Ningesema nini? Kwamba mtu anamwita Serafini Mkongo wa leo yupo kesho hayupo? Nimwambie hivyo usoni?"

Lilikuwa jibu zuri. Uzuri wake ndio ulionitia shaka zaidi. Serafini aliondoa mkono wake sahanini akaukausha kwenye suruali. "Mie sina kesi na mutu," alisema. "Niko na vitu viwili tu. Kitu ya kwanza, vile vyote nilipiga kwa ile kompyuta, futa, mie niko naangalia. Kitu ya pili, tununue ile nyekundu."

"Ile ya kitufe kimoja? Haiwezi kitu! Ukiizima inasahau yote."

"Njo ile nataka," Serafini alisema. "Ile inasahau. Yenye kusahau itaniita tena kesho."

Bwambale alinitazama anisaidie. Kwa upande wa muziki alikuwa na haki kabisa. Ile kubwa ingetupa nyimbo zenye kupanda na kushuka. Nyekundu ingetulazimisha kuzunguka na kipande kimoja mwanzo hadi mwisho. Nilisema nami nataka nyekundu. Akasimama, akaitoa laptopu kwenye mfuko, akaifungua juu ya godoro langu, na mimi na Serafini tukasimama nyuma yake tukimwangalia akifuta kipande kimoja kimoja: harusi, kanisani, rumba, mlimani. Masikio yalimwiva, kama kila alipokuwa na jambo la kuficha au la aibu. Alipomaliza, nikamwambia afungue na pipa la takataka la kompyuta, maana nilikuwa nimesikia kwamba vitu hubaki humo. Akalifungua, akalimwaga. "Kuna pengine unataka nikuonyeshe?" aliniuliza kwa Kikonzo, sauti ya chini. Nilitaka kusema pako pengine pengi, nisipopajua. Nikasema basi.

Tukanunua nyekundu. Kazi ya kwanza tuliyoifanya nayo ilikuwa harusi Muhokya, chini ya turubai, jua likiwa kali mpaka nyaya zikawa laini. Serafini alipiga mzunguko mmoja wa ngoma kwenye maikrofoni, Bwambale akakanyaga, na mdundo ukabaki ukizunguka wenyewe, naye Serafini akapata mikono ya kupiga debe na toazi juu yake. Kwa mara ya kwanza tulisikika wakubwa. Nilipofunga macho niliona kama kuna watu nyuma yangu. Katikati ya wimbo wa pili Serafini aliweka fimbo zake chini anywe maji, ngoma zikaendelea, na nikaona vichwa vinageuka. Mjomba wa bibi harusi, askari mstaafu aliyevaa koti juu ya fulana ya kijani, akaja mbele akanyoosha kidole.

"Wewe! Nani anapiga hiyo ngoma?"

"Ni mie, afande," Serafini alijibu.

"Mkono yako iko wapi?"

"Iko hapa, afande."

"Kama mkono iko hapa na imeshika maji, ngoma inapigwa na nani? Zima hiyo kitu! Mmekuja kutudanganya na kanda!"

Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wakicheka, wengine wakidai tumekuja kuchezesha midomo tu. Bwambale alikanyaga mara mbili, ngoma ikakatika, na nilidhani tutafukuzwa bila chakula. Serafini akainuka, akamsogezea mzee maikrofoni. "Afande, sema kitu." Mzee akaitazama kama kitu kinachoweza kumng'ata, kisha akafoka, "Kushoto kulia! Kushoto kulia!" Bwambale akakanyaga. Kwenye spika sauti yake ikarudi, kushoto kulia, kushoto kulia, haikomi, na Serafini akaingia chini yake na debe, kwa mwendo ule ule wa kijeshi, Bwambale akafuata na gitaa, na watoto wa harusi wakaanza kuandamana kati ya viti. Turubai zima liliamka. Mzee alisimama akijisikiliza, kifua mbele. Kisha uso ukabadilika. Akamsogelea Bwambale, akamwinamia sikioni, lakini maikrofoni ilikuwa wazi nasi sote tukasikia:

"Sasa hiyo sauti yangu mtapeleka wapi?"

"Hatupeleki, mzee. Ukizima, imepotea."

"Zima nikione."

Bwambale akachomoa waya. Akauchomeka tena, akakanyaga, na mashine haikuwa na kitu. Mzee akatikisa kichwa, akaagiza tuletewe nyama. Serafini alinikonyeza kwa mbali, kama mtu aliyeshinda kesi.

Tuliipiga nyekundu mwaka ule mzima. Tulijifunza kujenga wimbo mbele ya watu, kipande baada ya kipande, ili waone kila sauti imetoka mkononi mwa nani. Hatukuanza wimbo wowote ukiwa umeshapikwa. Umeme ulipokatika wimbo ulikufa wote tukaanza upya. Tulinasa bila kutaka kikohozi cha padre na mama mmoja akiita, "Wewe Masika, chumvi!", na chumvi ile ikaitwa mpaka mwisho wa wimbo. Hoteli ya Kasese ilimchukua bwana mmoja mwenye kibodi. Bwambale alisema alikwenda mwenyewe kumwambia meneja kwamba ni watatu au basi. Meneja, nilipokutana naye sokoni, alisema hakumwona mtu, kwamba alichoka tu kusubiri. Mmoja wao alinidanganya, na sijui ni yupi, ingawa nimekutana na Bwambale mara nyingi tangu hapo na ningeweza kumuuliza. Mwisho wa mwaka Serafini alipata kazi Butembo, kupiga ngoma kwenye studio ya mtu. Alituaga vizuri. Alisema huko nako kuna kompyuta, ila angalau wanamwambia tangu mwanzo. Bila yeye tulijaribu miezi kadhaa, Bwambale akigonga mbao ya gitaa, kisha tukaacha.

Hata leo sisemi tulikosea. Nimeona wanamuziki wangapi, ngoma zao zikicheza ukumbini na wao wako nje ya geti. Nikirudishwa chumbani kwangu nyuma ya saluni, nadhani ningesimama tena nyuma ya Bwambale nikimwambia afungue na pipa.

Baada ya misa tulikaa uani kwa mjane, Mama Neema, tukala maharage na ndizi. Bwambale amenenepa, kichwa kina mvi. Nilimuuliza kwa nini alinipigia kwa Kiswahili. "Mama Neema alikuwa amekaa pembeni yangu," alisema, "amekulia Bunia, Kikonzo hasikii. Nilitaka asikie ninavyokuambia." Mjane alipomaliza kugawa chai alikuja akaketi kati yetu, binti yake mdogo amemwegemea. Yule binti alizaliwa baba yake akiwa tayari anaumwa.

"Shemeji," alimwambia Bwambale, "pa studio ya kule walichoma kila kitu. Hakuna kitu ilibakia. Batoto benye bakubwa banakumbuka baba yabo vile alikuwa anapiga. Huyu hakumbuke. Nyinyi mulipiga naye sana. Hamuna hata kidogo? Hata ya dakika moja?"

Bwambale aliweka kikombe chini. Nami nikamgeukia. Nilimtazama kama nilivyomtazama mwaka ule wote, macho, masikio, mdomo, nikitafuta dalili ndogo kabisa ya mtu aliyeficha kitu mahali na kutuambia amekifuta. Nilimwomba Mungu niione.

"Hatuna, mama," alisema. "Tulifuta."

Masikio yake hayakuiva. Alikuwa anasema kweli.